Waya za Ndege ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu anajua kurusha ndege. Hilo peke yake lingetosha kumtoa mwanamume jasho, lakini mwaka ule liliongezewa jingine: ndege yenyewe ilikuwa ndani ya kibanda cha ng'ombe huko Kinoo, haina waya hata moja, na fundi wa stima pekee katika ukoo mzima nilikuwa mimi.

Ilikuwa ndege ya viti viwili, ya kujiundia nyumbani, iliyofika vipandevipande ndani ya masanduku. Baba mkwe alikuwa fundi wa mabati ya ndege maisha yake yote. Alipostaafu aliwahamisha ng'ombe, akapiga kibanda deki, akaanza kujenga. Yeye na mkewe, mwalimu mstaafu wa fizikia, walikuwa wamejifunza urubani pamoja, Jumamosi baada ya Jumamosi, wakati wenzao wa rika lao wakifanya mazoezi ya kwaya. Mzee alipiga ribiti zote, akafunga injini, akapaka rangi. Kisha mchana mmoja akajilaza kidogo kwa sababu ya presha na hakuamka. Aliacha kila kitu tayari isipokuwa stima, kwa maana stima ilimtisha. Chuma unakiona, alikuwa akisema, lakini stima inakuvizia.

Matanga yalipokwisha, mama mkwe alitangaza kwamba ndege itapaa, na yeye ndiye atakayeirusha. Tena alikuwa na haraka. Rubani lazima awe na cheti cha daktari, na daktari wake alikuwa amemwambia wazi kwamba hicho alichonacho ndicho cha mwisho: macho yamechoka, moyo nao unaruka hatua. Cheti kingeisha mwisho wa mwezi wa nane. Sisi tulikuwa tumetoka tu kula Pasaka. Kama dashibodi haingekuwa na waya, na kama mkaguzi wa serikali hangezipitisha waya hizo kabla ya siku hiyo, mama mkwe hangeirusha ndege ya mumewe maisha yake yote yaliyobaki.

Sasa nieleze jambo moja, la sivyo hutaelewa upumbavu uliofuata. Watu wangu wanatoka Ukambani, na kwetu, kati ya mwanamume na mama mkwe wake, kuna kitu kinaitwa nthoni. Ukitafsiri haraka utasema ni haya, au heshima, lakini haya humwishia mtu akizoea. Nthoni haiishi. Humpi mama mkwe mkono. Huketi naye kiti kimoja. Mkikutana kwenye kijia chembamba, mmoja anaingia shambani ili mwenzake apite, hata kama shamba lenyewe ni la miiba. Na zaidi ya yote, humkosoi. Akikosea unamwambia mkeo, mkeo anamwambia mamake. Yeye akikuona umekosea, habari inakurudia kwa njia iyo hiyo. Wakikuyu, ambao ndio wakwe zangu, wana desturi ya namna hiyo pia, ila yao imekaa karibu na mji muda mrefu na imelegea. Mama mkwe, kwa kuniheshimu, aliamua kufuata ya kwetu, na aliifuata kwa ukali wa mwalimu, kuliko hata mama yangu mzazi.

Ili ufikie nyuma ya dashibodi ya ndege ndogo unalala chali, kichwa kwenye pedali, miguu juu ya kiti, pua ikigusa vyuma. Mtu mwingine lazima ainame juu yako akimulika taa na kukupitishia waya. Mtu huyo alikuwa mama mkwe. Sidhani kuna mzee wa ukoo aliyewahi kuulizwa kama jambo hilo linaruhusiwa, na mimi sikumuuliza yeyote, kwa kuogopa jibu.

Nilikusudia kukataa. Duka langu liko Kirinyaga Road, na kazi yangu ni redio za magari, alamu na taa za kujionyesha. Nilimwambia mke wangu jioni moja nyumbani kwetu Mountain View kwamba ndege si saizi yangu. Nilitarajia anishukuru. Badala yake akaniambia nikubali.

"Mtu mwingine ataimaliza," akasema. "Wewe nakujua."

"Unanijua aje?"

"Taa ya gate imekaa mwaka mzima, kila siku ni kesho. Kubali hiyo kazi, babake, halafu uifanye vile wewe hufanya. Mwezi wa nane ikifika na hujamaliza, cheti inaisha, hiyo ndege inakaa hapo kuku zilalie. Nimezika baba. Sitazika mama mwaka haujaisha."

Niliumia. Mtu hujijua ana kasoro, lakini hapendi kuajiriwa kwa ajili yake. Hata hivyo nilimwonea huruma, kwa sababu alisema maneno hayo akiwa anakata sukumawiki, na alikuwa ameshakata ya siku tatu. Basi nikakubali. Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa na mama ili nimalize kazi, na binti yake ili nisiimalize, na wote wawili wakaniamini.

Siku ya kwanza nilifika Kinoo na mkoba wangu wa kawaida: koleo, bisibisi, na roli tano za tepu nyeusi. Kirinyaga Road tunaunga waya kwa njia moja tu. Unachuna, unasokota, unafunga tepu, unasonga mbele. Mama mkwe alizitazama zile roli, akanisalimia akiwa hatua nne mbali, akaingia nyumbani. Aliporudi aliweka faili la marehemu juu ya kiti cha rubani, limefunguliwa kwenye ukurasa fulani, akatoka tena bila kusema lolote.

Nilisoma. Tepu hairuhusiwi, kwa sababu gundi yake huyeyuka ikikaa karibu na joto la injini, tepu ikajikunjua yenyewe na waya ikabaki uchi. Waya za nyumba haziruhusiwi, kwa sababu plastiki yake ikiungua hutoa moshi unaomlaza rubani kabla moto haujamfikia. Kila ncha ya waya inabanwa kwa kichwa cha chuma na koleo lake maalum, kisha inavishwa mpira mwembamba unaonywea ukipigwa hewa ya moto. Kila tundu linalopitisha waya lazima liwe na ringi ya mpira, kwa sababu ndege ikiwa juu bati hutetemeka, na bati linalotetemeka ni msumeno. Waya zinafungwa pamoja kwa uzi wa nta, kila baada ya vidole vinne, zisicheze, zisining'inie, zisifike karibu na usukani. Nilisoma yote hayo nikiwa nimekaa kwenye ndoo ya kukamulia, na nikaona aibu kidogo kwa ajili ya magari yote niliyoyatengeneza. Lakini gari likikuzimikia Uthiru unalisukuma kando, unapiga simu. Huko juu hakuna kando.

Zile roli tano nilizirudisha kwenye mkoba. Hazikwenda mbali sana, kama utakavyosikia.

Wiki za mwanzo mawasiliano yetu yangemchekesha maiti. Mimi nimelala chini ya dashibodi, yeye amesimama juu na taa. Akiona nimekosea, anaweka taa chini taratibu, anatoka nje mpaka kwenye tangi la maji, anampigia binti yake simu. Mke wangu ana duka la dawa Adams Arcade. Anasikiliza, anamalizana na mteja wa kikohozi, kisha ananipigia mimi. Simu inatetemeka kifuani mwangu, na mimi mikono yote iko juu.

"Mama anasema usishike hiyo koleo kama kijiko."

"Mwambie asante."

"Ako hapo nje, si umwambie mwenyewe?"

"Mwambie."

Halafu mama mkwe anarudi, anainua taa, na mimi ninashika koleo vizuri, na hakuna aliyesema kitu.

Waya za ndege zote ni nyeupe. Unazitofautisha kwa vibandiko tu, na vibandiko nilikuwa nikiviandika mimi. Nilianza vizuri: taa, redio, pampu, geji ya mafuta. Lakini waya zilipozidi thelathini kumbukumbu ikanipungukia. Kuna waya unayoijua kabisa, unajua inatoka wapi na inaenda wapi, ila jina lake limekupotea. Hiyo nikaiandika "ile ingine." Siku mbili baadaye simu ikalia.

"Mama anauliza ile ingine ni gani."

"Ni ile inaenda kwa taa ya bawa la kushoto."

"Anasema hiyo ameiona. Anauliza ile ingine ingine. Anasema ziko tatu."

Siku hiyo nilisikia, kutoka upande wa tangi, mtu mzima akicheka peke yake. Sikuwa nimewahi kusikia kicheko cha mama mkwe. Nilikuwa nimeoa kwao miaka tisa.

Kisha likatokea jambo ambalo sikulipanga: nikaanza kuipenda kazi ile. Nasema kweli. Kirinyaga Road hakuna anayetazama nyuma ya dashibodi. Taa ikiwaka, mteja anaondoka. Hapa kila waya ilikuwa na njia yake, imenyooka, imepinda kwa kiasi, imeshikwa na kibanio chenye mpira, na mwishoni imeachiwa ulegevu kidogo ili isivutike. Nilikuwa nikimaliza sehemu, ninatoka chini, ninaitazama kwa kioo, ninarudi tena chini kuitazama kwa karibu. Nikasahau kuchelewesha. Mke wangu alipouliza jioni tumefika wapi, nilimwambia bado sana, na huo ulikuwa uongo. Katikati ya mwezi wa saba tulikuwa tumebakisha kidogo tu.

Tulikuwa tumegawana kazi bila kuambiana. Mimi nilikata na kubana, yeye alifunga uzi wa nta, maana vidole vyake ni vyembamba na vina subira. Ndipo nikayaona mafundo yake. Nikayatazama mara mbili, tatu. Mama mkwe alikuwa amefuga ng'ombe katika kibanda kile kile miaka thelathini, na mafundo aliyofunga kwenye waya za ndege yalikuwa ya kufungia ng'ombe. Unalijua fundo lile: linakaza vizuri, lakini ncha moja unaiacha na kitanzi, ili mnyama akijinyonga usiku uvute mara moja tu na kamba yote ifunguke. Ni fundo la busara sana kwa ng'ombe. Kwa ndege maana yake ni kwamba mtetemo ukiivuta ncha moja, fungu zima la waya linamwagika juu ya usukani.

Mimi ni nani nimwambie mwalimu wa fizikia, mama wa mke wangu, kwamba amefunga waya kama anayefunga mtamba? Nilienda nyuma ya nyumba nikampigia mke wangu. Nikamweleza. Akasema atamwambia.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa navuta waya ya redio. Roli la waya nyeupe alilonunua marehemu likaisha, na waya yangu ikawa fupi kwa shubiri moja. Ningesubiri Jumatatu, kuna mtu pale uwanja mdogo wa ndege angenipa kipande. Badala yake nikaingiza mkono mkobani. Nikachuna, nikasokota, nikafunga tepu nyeusi, nikakisukuma kiungo nyuma kabisa ya redio mahali ambapo mtu haoni. Nikajiambia ni ya muda. Mpaka leo sijui kama ule ulikuwa uvivu, au ulikuwa utiifu kwa mke wangu uliokuwa umejificha mahali fulani ndani yangu ukingoja nafasi.

Taa ilisimama pale pale, juu ya ile tepu, kwa muda mrefu kidogo. Kisha mama mkwe akaiweka chini, akatoka, akaelekea tangini.

Nikalala pale nikingoja simu. Haikulia. Aliporudi aliinua taa kama kawaida. Nikahitimisha kwamba hakuwa ameona, na nikashukuru. Na kwa kuwa mafundo yake hayakubadilika wiki nzima, nikahitimisha pia kwamba ameambiwa na amekataa, na kwamba huenda fizikia ina sababu zake ambazo mimi wa Kirinyaga Road sizijui.

Mkaguzi alikuja siku ya mwisho ya mwezi wa saba. Mwanamume mwembamba, kucha safi, na kioo kidogo kwenye kijiti kama cha daktari wa meno. Tulisimama kila mmoja upande wake wa ndege, mimi na mama mkwe, tukiwa tumevaa vizuri. Mkaguzi akalala chini, akamulika, akasifu. Ringi za mpira, safi. Vibanio, safi. Akauliza "ile ingine" ni lugha ya wapi. Halafu akaona ncha ya uzi inaning'inia, na kwa kuwa ni mtu nadhifu, akaivuta.

Fundo likafunguka. La pili nalo, kwa sababu uzi ulikuwa mmoja. La tatu, la nne, mpaka mwisho wa dashibodi, na fungu la waya arobaini likamwangukia kifuani. Kisha, akiwa amejifunika waya, akapitisha kidole nyuma ya redio. Akatoka na ncha ya tepu imemnata kidoleni, ikirefuka kadiri alivyovuta.

"Hii ni nini?" akauliza, kwa upole ambao ni mbaya kuliko kelele.

"Ni ya muda tu," nikasema.

"Muda gani? Wa kupaa ama wa kushuka?"

Nikatazama chini. Nikasema kosa ni langu peke yangu, mama hakuona.

"Niliona," mama mkwe akasema. Hakuwa akimwambia mkaguzi. "Niliona siku hiyo hiyo, na nikakutumia ujumbe."

"Sikupata ujumbe, Mama. Mimi ndio nilituma, wa mafundo."

"Mafundo gani?"

Kwa miaka tisa nilikuwa nikimtazama yule mama kwenye viatu. Siku hiyo tulitazamana usoni, juu ya pua ya ndege, na tukaelewa kwa wakati mmoja.

"Kwani mlikuwa mkitumana na nani?" mkaguzi akauliza. Akaandika karatasi yake. Akasema atakuja tena mara moja tu, tarehe ishirini na tano ya mwezi wa nane, uwanjani ambako ndege ingefungwa mabawa. Baada ya hapo shajara yake imejaa mpaka mwezi wa tisa. Mwezi wa tisa haukuwa na maana yoyote kwetu.

Alipoondoka, mama mkwe alifungua mlango wa gari langu akaketi mbele, kando yangu. Kando yangu kabisa! Akafunga mshipi. "Adams Arcade," akasema. Niliendesha kutoka Kinoo mpaka Ngong Road bila kupumua vizuri.

Dukani kulikuwa na wateja watatu. Mama mkwe hakuwangoja.

"Ulipata message yangu ya tepu?"

Mke wangu aliweka chini chupa aliyoshika. "Nilipata."

"Na ya mafundo?"

"Nilipata."

"Na ukafanya nini?"

"Nikanyamaza. Nilijua mkaguzi atakataa. Nilitaka akatae. Mama, wewe uko na miaka sitini na tisa, na moyo mbaya, unataka kuingia kwa hiyo mkebe uende juu! Nilizika baba juzi. Sitaki kukuzika."

"Baba yako alikufia wapi?"

Mke wangu aliichukua tena ile chupa, akaipanga kwenye rafu.

"Alikufia kitandani. Na wewe kila jioni unanipigia simu unaniambia, Mama, enda ulale."

Mteja mmoja, mama mwenye kikapu, alicheka kabla hajajizuia, kisha akaanza kusoma maandishi ya sabuni kwa makini sana. Mke wangu alilia pale pale nyuma ya kaunta, amevaa koti lake jeupe. Nilitaka kwenda kumshika nikashindwa, kwa sababu sikujua niko upande gani. Mama mkwe alimtazama kwa muda. Uso wake ulilegea, lakini hakurudi nyuma. Alisema tu, "Kuanzia leo mimi na huyu tutaongea wenyewe," akatoka nje.

Na tukaongea. Mungu wangu! Mtu akinyamaza miaka tisa, usifikiri hana la kusema. Nikiwa nimelala chini ya dashibodi, mama mkwe alinimwagia yote. Kwamba nikinywa chai ninasikika mpaka kwa jirani. Kwamba mbuzi niliowaleta siku ya mahari walikuwa wamekonda mpaka wenzake wa kanisani waliwahesabu mbavu. Kwamba barua niliyoandika kuposa ilikuwa na makosa kumi na moja ya tahajia, na bado anayo. Katikati ya hayo alisema pia, kwa sauti ile ile, kwamba ninabana waya vizuri kuliko mtu yeyote aliyewahi kumwona, na kwamba mzee angependa kunitazama nikifanya kazi. Niliendelea kubana.

Mimi nami nikapata ujasiri. "Mama," nikasema, "hilo fundo lako ni la ng'ombe."

Akaishusha taa, akatazama mikono yake, kisha uzi, kisha mikono tena.

"Kweli," akasema. "Hata sikujua inafunga nini. Mikono imezoea."

Nikamwonyesha fundo la kwenye faili, linalozungushwa mara mbili na kukazwa mara mbili, lisilo na kitanzi. Nilimwonyesha vidole vyangu vikiwa karibu na vyake, na hakuna aliyekufa. Tulikata nyuzi zote na kufunga upya kila baada ya vidole vinne, siku tatu. Nilipata kipande kipya cha waya, nikaivuta ya redio nzimanzima kutoka swichi mpaka mwisho, bila kiungo. Niliandika vibandiko vyote upya, kila waya kwa jina lake. Zile zilikuwa siku nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya kazi, na sijui kwa nini watu huona haya kusema hivyo kuhusu kazi.

Mkaguzi alirudi uwanjani, kiwanja cha nyasi nyuma ya vilima vya Ngong. Alivuta kila ncha ya uzi, moja baada ya nyingine. Alipitisha kidole kila mahali. Kisha akatoka chini, akajipangusa magoti, akasema, "Haya," akatia sahihi.

Cheti cha daktari kilikuwa kimebakisha siku sita.

Mke wangu alikuja. Alikuwa amesema hatakuja, akaja, akasimama akiwa ameipa ndege mgongo. Safari ya kwanza ya ndege ya namna ile rubani huenda peke yake. Mama mkwe alijifunga mikanda, akawasha swichi moja moja akizitaja kwa sauti, na kila kilichotakiwa kuwaka kiliwaka. Ndege ikakimbia kwenye nyasi, ikarukaruka kidogo, halafu ikaacha kuruka kwa sababu ilikuwa imeshapaa. Nilikuwa nikiziona waya zangu zote, moja moja, gizani nyuma ya ile dashibodi, na mke wangu alikuwa amebakiwa na mzazi mmoja tu.

Mke wangu bado alikuwa ametazama upande wa pili. Akaniuliza kwa sauti ndogo, bila kugeuka.

"Kama huyo mkaguzi hangeweka kidole nyuma ya redio, ungesema?"

Ndege ilikuwa inapinda juu ya vilima, ndogo sana, mlio wake umechelewa kutufikia. Nilitaka kusema ndiyo. Nilikuwa nimeifungua midomo niseme ndiyo.

"Sijui," nikasema. "Na wewe?"

Aligeuka sasa, akatazama juu, akaishika mikono yangu yote miwili kwa nguvu mpaka ikauma. Sote wawili tulikuwa tumeijua ile tepu. Mimi niliifunga na yeye aliambiwa, na kila mmoja alikuwa amemwachia mtu mgeni mwenye kioo kwenye kijiti. Kama siku ile mgeni huyo angekuwa na haraka, mama angekuwa huko juu nayo. Hatukuambiana hilo. Tulisimama tukiitazama ndege ikizunguka mara ya pili, kisha ya tatu, mpaka ikashuka, magurudumu yakagusa nyasi, yakaruka, yakagusa tena na kubaki chini.

Mama mkwe alizima injini, akafungua kifuniko, akavua visikizio vya redio masikioni. Nywele zilikuwa zimemsimama na alikuwa anacheka peke yake. Kisha akatuona, sisi wawili, tumeshikana, machozi yakitutoka bila aibu mbele ya watu wa uwanjani.

"Kwani nani amekufa?" akauliza.

Tukamwambia hakuna.